Flint, Michigan: Ramani ya Chakula Bora na Mipaka Inayoficha Watu

Flint ni mji ulio kilomita zipatazo 110 kaskazini-magharibi mwa Detroit, katika jimbo la Michigan nchini Marekani. Hapo ndipo kampuni ya General Motors ilipoanzishwa mwaka 1908, na hapo ndipo wafanyakazi wa magari walipokaa ndani ya viwanda kuanzia mwishoni mwa Desemba 1936 hadi Februari 11, 1937, bila kufanya kazi wala kutoka, mpaka kampuni ikakubali kukitambua chama chao. Sensa ya mwaka 1960 iliwahesabu wakazi 196,940. Ile ya mwaka 2020 iliwahesabu 81,252. Kisa kinachochambuliwa hapa kimo katika pengo la hesabu hizo mbili: wale waliobaki wanapata wapi matunda, mboga za majani, maziwa na maharage, na je, ramani zilizochorwa ili kujibu swali hilo ziliwaona kweli?

Lazima kwanza ieleweke jinsi maduka yalivyoondoka, kwa sababu hayakutoweka kwa siku moja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia General Motors ilijenga viwanda vipya nje ya mpaka wa mji, katika vitongoji vyenye serikali zao wenyewe na kodi zao wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 palikuwa na mpango wa kuunganisha mji na vitongoji hivyo chini ya serikali moja, nao ukashindwa. Kuanzia hapo kila kiwanda, kila nyumba mpya na kila duka lililofunguliwa upande wa pili wa mpaka likawa limetoka katika mfuko wa Flint. Mitaa ya St. John na Floral Park, ambako Wamarekani Weusi wengi waliishi na kuendesha biashara zao kwa kuwa walizuiwa kuishi kwingine, ilibomolewa ili kupisha barabara kuu ya I-475 na miradi mingine ya ujenzi. Katika miaka ya 1970 General Motors bado ilikuwa na wafanyakazi wapatao 80,000 katika eneo la Flint. Mwaka 1999 kiwanda kikubwa cha Buick City kikafungwa.

Duka kubwa la vyakula ni biashara ya faida ndogo kwa kila bidhaa. Huishi kwa wingi wa wateja, na mboga mbichi ndizo zinazolitia hasara mapema zaidi, kwa sababu zikikosa mnunuzi kwa siku tatu hutupwa. Mtaa ukipoteza nusu ya watu wake, na waliobaki wakawa na kipato kidogo, mwenye duka hupiga hesabu na kufuata wateja barabarani. Ndivyo maduka makubwa yalivyojipanga kwenye barabara za vitongojini, kama Miller Road karibu na barabara kuu ya I-75, yakiwa na viwanja vipana vya kuegesha magari. Mjini vilibaki vituo vya mafuta, maduka ya pombe, na maduka ya bei nafuu yanayouza vyakula vya makopo na vya pakiti. Msomaji aliyezoea genge kila kona, lenye nyanya, mchicha na machungwa, atapata shida kuwaza mtaa wenye maelfu ya watu ambamo kitunguu hakiuzwi mahali popote anapoweza kufika kwa miguu. Hata hivyo ndivyo ilivyo katika sehemu kubwa ya kaskazini mwa Flint.

Yapo maelezo mepesi yasemayo kwamba soko liliamua hivyo, basi yakaishia hapo. Mimi siyakubali, na sababu yangu ni ramani ya zamani. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali kuu lililoshughulikia mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji mingi ya Marekani, Flint ikiwamo, na kuipaka mitaa rangi nne kulingana na hatari ya kukopesha: kijani kwa mitaa iliyohesabiwa kuwa bora, kisha buluu, kisha manjano, na nyekundu kwa mitaa ambayo mkopeshaji alishauriwa kuiepuka. Kuwapo kwa wakazi Weusi kulitosha kuushusha mtaa daraja. Mwanajiografia Richard Sadler wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, aliyekulia katika eneo la Flint na kufanya kazi nyingi za kupima mji huo, alishirikiana na Don Lafreniere kuonyesha jinsi ubaguzi huo wa nyumba ulivyotangulia kudorora kusiko sawa kwa mitaa ya Flint miongo mingi baadaye. Kwa hiyo mtu anapochora leo ramani ya chakula mjini humo, anachora juu ya karatasi ambayo tayari ina mistari ya watu wengine.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Sheria ya kilimo ya mwaka 2008 iliiagiza Wizara ya Kilimo ya Marekani ichunguze maeneo yenye uhaba wa chakula bora cha bei nafuu. Ripoti ilitoka mwaka 2009, na ramani ya mtandaoni ikafuata mwaka 2011. Nchi hugawanywa katika maeneo madogo ya sensa, kila moja likiwa na wakazi wapatao 4,000 kwa wastani. Eneo la mjini huhesabiwa kuwa na shida iwapo ni la kipato cha chini, kwa mfano umaskini ukifikia asilimia 20, na iwapo watu wasiopungua 500 au theluthi moja ya wakazi wake wanaishi zaidi ya maili 1, yaani kilomita 1.6, kutoka duka kubwa la karibu. Duka kubwa ni lile lenye idara zote kuu za vyakula na mauzo ya angalau dola milioni 2 kwa mwaka. Maeneo ya namna hiyo yalipewa jina la jangwa la chakula, jina lililozaliwa Uskoti mapema katika miaka ya 1990.

Kipimo hicho kina faida yake: ni kimoja kwa nchi nzima, na mbunge anayegawa fedha anaweza kukisoma. Lakini ukikileta Flint na kukitazama mtaa kwa mtaa, kinaanza kupwaya. Umbali wa maili 1 hupimwa kwa mstari ulionyooka kama kunguru anavyoruka, wakati mtu anayetembea hukutana na Mto Flint, na reli, na barabara kuu ya I-475 isiyovukwa ila kwenye madaraja yake. Maili moja ya ramani huweza kuwa mbili za miguu, na mbili hizo, mwezi wa Januari, zikiwa na theluji isiyoondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu na mifuko minne mikononi, si umbali tena bali ni katazo. Kisha kuna dosari iliyo kinyume cha hiyo. Anayechora ramani ya mji akiishia kwenye mpaka wa mji, huyafuta maduka yaliyo mita mia tatu ng'ambo ya mpaka, na wakazi wa pembezoni huonekana wana njaa kuliko walivyo. Wanajiografia huiita dosari ya ukingoni, na Sadler aliwahi kuishughulikia hata kabla ya kazi zake za Flint, alipopima upatikanaji wa chakula kusini-magharibi mwa Ontario nchini Kanada. Dawa yake ni rahisi kuitaja na ya kuchosha kuitenda: kusanya maduka ya kaunti nzima, upime safari kwa njia halisi za barabara, na uende kila duka kuangalia kinachouzwa, kwa sababu orodha za leseni huchanganya duka la sigara na duka la mboga.

Kuna jambo la tatu ambalo naliona kubwa kuliko hayo mawili. Kipimo cha wizara huhesabu duka kuwa lipo au halipo. Hakiulizi kama linapokea kadi ya msaada wa chakula, ambayo Michigan huiita Bridge Card, wala kama linafunguliwa jioni wakati mlinzi wa zamu ya mchana anaporudi nyumbani, wala kama spinachi iliyo rafuni imekwisha kunyauka. Kwa familia isiyo na gari, mambo hayo matatu ndiyo duka lenyewe.

Uzito wa mistari ya ramani ulidhihirika Flint kwa namna ambayo hakuna aliyeitamani, nao haukuanzia kwenye chakula. Aprili 25, 2014, mji ukiwa chini ya meneja wa dharura aliyeteuliwa na jimbo, maji ya bomba yaliacha kutoka Detroit na yakaanza kuchotwa Mto Flint bila dawa ya kuzuia kutu kwenye mabomba. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kiliona maji yanaharibu vipuri vyake, kikahamia kwenye maji ya kitongoji jirani cha Flint Township. Kiwanda kiliweza kununua maji kuvuka mpaka. Mama aliyekuwa akikoroga maziwa ya unga ya mtoto wake hakuweza.

Wazazi walipolalamika, takwimu za damu za watoto zilichambuliwa kwa kufuata msimbo wa posta, na wastani haukuonyesha jambo la kutisha. Hapo ndipo mpaka ulipofanya kazi yake ya kuficha. Misimbo ya posta ya Flint ilipangwa kwa ajili ya kurahisisha kazi ya kupeleka barua, nayo huvuka mpaka wa mji: karibu theluthi moja ya nyumba zenye anwani ya posta ya Flint haziko Flint. Ziko kwenye vitongoji ambavyo viliendelea kupata maji ya Detroit. Watoto waliokunywa maji salama walichanganywa na waliokunywa maji yenye madini ya risasi, na sumu ikayeyuka ndani ya wastani. Daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha wa hospitali ya Hurley alipomwomba Sadler msaada, anwani za watoto zilitolewa kwenye misimbo ya posta na kuwekwa moja moja kama nukta juu ya ramani ya mji na mitaa yake. Picha ikabadilika. Miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano wa mji wa Flint, waliokuwa na kiwango cha risasi cha maikrogramu 5 au zaidi kwa desilita ya damu walipanda kutoka asilimia 2.4 kabla ya badiliko la maji hadi asilimia 4.9 baadaye. Katika mitaa iliyokuwa na risasi nyingi zaidi majini walitoka asilimia 4.0 na kufika 10.6. Nje ya mji hapakuwa na badiliko la maana. Hanna-Attisha aliyatangaza matokeo ya awali Septemba 24, 2015, na Oktoba 16 mji ukarudishiwa maji ya Detroit.

Nimekitaja kisa cha maji kwa kirefu kwa sababu ndicho kilichoirudisha ramani ya chakula mezani ikiwa na uharaka mpya. Mwili wa mtoto hauna mlango maalumu wa risasi. Risasi huingia kwa milango iliyowekwa kwa ajili ya madini ya chuma na kalsiamu. Mtoto mwenye upungufu wa chuma hufyonza risasi zaidi, na mtoto mwenye tumbo tupu hufyonza zaidi kuliko aliyekula. Ndiyo maana ushauri wa madaktari kwa wazazi wa Flint ulikuwa wa jikoni: maziwa na mboga za kijani kwa ajili ya kalsiamu, nyama na maharage kwa ajili ya chuma, machungwa, pilipili hoho na nyanya kwa ajili ya vitamini C inayosaidia chuma kupokelewa. Ni ushauri sahihi kabisa. Lakini mweke mzazi wa kaskazini mwa mji akiwa na karatasi ya ushauri huo mkononi, bila gari, wakati maduka makubwa ya upande wake yamefungwa katika miaka hiyohiyo, uone uchungu wake. Mitaa iliyokuwa na sumu nyingi na mitaa iliyokuwa na chakula kidogo ilikuwa karibu ileile.

Kilichofanyika baadaye kinastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa sehemu yake moja ilikuwa imeanza hata kabla janga halijajulikana. Mnamo Juni 2014 Soko la Wakulima la Flint lilihamishwa kutoka Boulevard Drive, mahali lilipokuwa tangu mwaka 1940, na kuingizwa katika jengo la katikati ya mji lililokuwa la mitambo ya kuchapia gazeti la Flint Journal. Watu wengi walipinga. Wateja wa miaka mingi, hasa waliotoka vitongojini kwa magari, walihofia maegesho na msongamano. Hoja ya wapangaji ilikuwa kituo kikuu cha mabasi: soko jipya liko hatua chache kutoka hapo, na mtandao wa mabasi ya Flint umejengwa kama gurudumu ambalo karibu njia zake zote hukutana katikati. Mtu wa kaskazini na mtu wa mashariki, ambao duka la Miller Road lingewagharimu mabasi mawili na nusu siku, wangeweza kufika sokoni kwa basi moja. Sadler alipowauliza wateja mahali wanapoishi na kuzilinganisha nukta zao na za eneo la zamani, alikuta kwamba soko lililohamia katikati liliwafikia zaidi watu wa mitaa yenye dhiki. Jambo hilo lisingeonekana kwa kuhesabu wateja mlangoni. Lilihitaji kujua wametoka wapi.

Agosti 2015 kliniki ya watoto ya Hurley ikahamia ghorofa ya juu ya soko hilohilo. Kuanzia Februari 2016 madaktari wake walianza kumwandikia kila mtoto aliyekuja kutibiwa vocha ya matunda na mboga yenye thamani ya dola 10, ambayo baadaye ilipandishwa hadi 15. Haikujali kipato cha mzazi wala ugonjwa wa mtoto. Kila aliyefika alipewa, na hivyo hakuna aliyelazimika kuthibitisha umaskini wake mbele ya karani. Mzazi alishuka ngazi na kununua. Mwaka huohuo mpango uitwao Double Up Food Bucks, uliokuwa umeanza Detroit mwaka 2009, ulipanuliwa Flint: wakati huo mwenye Bridge Card aliponunua chakula alipewa fedha za ziada sawa na alizotumia, hadi dola 20 kwa siku, za kununulia matunda na mboga. Shirika la mabasi nalo likaanzisha safari za kuwapeleka wakazi kwenye maduka ya vyakula.

Naona nguvu ya mpangilio huo iko katika kuunganisha vitu ambavyo ramani za kawaida huviweka kwenye karatasi tofauti: basi, daktari, kadi na mchicha. Hata hivyo ni lazima kuupima bila upendeleo. Soko hufunguliwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na siku nne zilizobaki jangwa ni lilelile. Vocha ya dola 15 haitoshi wiki moja kwa nyumba yenye watoto watatu. Na mwenye ulemavu wa miguu, kituo cha basi kilicho mita mia sita kutoka mlangoni mwake bado kiko mbali.

Wapo wachumi watakaosema kwamba kuchora ramani za maduka ni kupoteza muda. Utafiti wa Hunt Allcott na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019 kwa kutumia takwimu za manunuzi za nchi nzima, ulikadiria kwamba familia za kipato cha chini zikipewa bidhaa na bei zilezile zinazowafikia wenye kipato cha juu, tofauti ya ubora wa chakula kati yao itapungua kwa takriban asilimia 10 tu. Katika mtaa wa Hill District mjini Pittsburgh, mji mwingine ulioachwa na viwanda vyake, duka kubwa lililosubiriwa kwa miongo mitatu lilifunguliwa mwaka 2013. Watafiti waliona mlo wa wakazi ukiboreka kiasi, lakini hawakuweza kuuhusisha na kulitumia duka lenyewe, na mwaka 2019 duka likafungwa. Matokeo hayo nayachukua kwa uzito. Yanatuambia kwamba kumwaga fedha kumvutia mwenye duka mmoja, kisha kuondoka, ni kazi nusu. Lakini wastani wa Marekani nzima ni wastani wa nchi ya watu wenye magari, ambao duka likiwa mbali huwasha injini. Kuwatafuta wasio na gari ndani ya wastani huo ni kurudia kosa la msimbo wa posta: walioumia wanachanganywa na wasioumia, kisha tunaambiwa maumivu ni madogo.

Kama ningeulizwa na halmashauri ya mji wa namna hiyo ramani ijayo iwe na nini, ningeomba umbali upimwe kwa dakika badala ya maili, kutoka mlangoni hadi rafuni na kurudi nyumbani na mzigo, kwa ratiba halisi ya mabasi, Jumapili asubuhi na Jumatano saa mbili usiku zikipimwa kila moja kivyake. Ningeomba kila duka litembelewe na wakazi wa mtaa wenyewe waliofunzwa na kulipwa, kwa kuwa wao ndio wanaojua lipi limefungwa tangu mwezi uliopita na lipi huuza mboga siku ya lori tu. Ningeomba pia ramani iandikwe tarehe kwa herufi kubwa na irudiwe kila mwaka, kwani katika mji unaopungua watu, eneo la sensa lililokuwa na wakazi 4,000 huweza kubaki na 1,500 huku kizingiti cha watu 500 kikisimama palepale, na mtaa ukaacha kuhesabiwa kuwa na shida kwa sababu tu wengi wa wenye shida wamekwisha kuhama. Na nukta za nyumba zichorwe kwanza, mipaka iwekwe mwisho.